JESHI LA WAISLAMU LILILOAPA KUTOSHIKA SILAHA



Ndugu zangu katika imani, andiko la leo ni refu. Kama una haraka lihifadhi, ulisome usiku ukiwa umetulia. Nimeliandika kwa sababu kuna deni linanidai.

Miezi miwili iliyopita, baada ya swala ya Isha, nilijikuta nimesimama mlangoni mwa msikiti wetu nimetanua mikono kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke zizini. Ndani kulikuwa na vijana wapatao thelathini. Kuna kiwanja hapa jirani ambacho wazee wetu wamezikwa tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi ya siku ile tulikikuta kimezungushiwa mabati, na mtu ana karatasi mkononi anasema amekinunua. Vijana walikuja na mapanga, wengine nondo. Walitaka kwenda kuyang'oa mabati usiku ule ule, na mlinzi akileta ubishi basi yatakayomkuta yamkute.

Sikuwaruhusu. Niliwaambia tutakwenda kwa njia ya haki, subirini. Wakatawanyika shingo upande. Kijana mmoja, ambaye alifu na bee nilimfundisha mimi mwenyewe, akageuka akaniambia: "Sheikh, hiyo subira yenu ndiyo inayotumaliza. Mnatufundisha uoga halafu mnauita dini."

Wallahi sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Nenda nyumbani mwanangu," akaenda. Lakini neno lile halijanitoka mpaka leo, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ipo subira ambayo ni uoga uliovaa kanzu. Nimeiona kwa wengine, na sitakuficha ndugu yangu, kuna siku nimeiona kwangu.

Sasa je, ipo subira nyingine? Ipo subira ambayo dhalimu akiiona anatetemeka? Nataka nikusimulie habari ya watu ambao naamini wengi wenu hamjawahi kuwasikia, wala madrasa hatukufundishwa, wala shule ya sekondari hatukufundishwa.

Kaskazini magharibi ya nchi iliyoitwa India wakati wa ukoloni wa Mwingereza, kwenye milima inayopakana na Afghanistan, wanaishi Wapashtuni, wengine huwaita Wapathani. Leo eneo lile ni Pakistan. Ni Waislamu, na ni watu wa bunduki. Mtoto wa kiume anakua anaijua bunduki kama mtoto wa mvuvi anavyoujua mshipi. Mila yao ina nguzo zake: kumkirimu mgeni, kumpa hifadhi anayekimbilia kwako hata akiwa adui, na kulipiza kisasi. Kisasi wanakiita "badal", neno la Kiarabu, ndugu wa neno letu "badala". Ukiniulia mmoja, nawe utatoa badala yake. Babu akiuawa, mjukuu analipa. Damu ilikuwa inarithiwa kama shamba.

Mwingereza aliwaogopa, na aliwatendea vibaya kuliko alivyowatendea wengine India. Aliwawekea sheria yao peke yao, ya mwaka 1901, iliyomruhusu kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja, na mshitakiwa hana wakili wala rufaa. Wakimpiga risasi ofisa, kijiji kinachomwa. Kijiji kikichomwa, wanampiga risasi ofisa mwingine. Na katikati ya hayo wao wenyewe kwa wenyewe wanauana kwa badal. Mwingereza alikuwa anapenda sana hali ile. Watu wanaouana ni rahisi kuwatawala.

Mnamo mwaka 1890 hivi, katika kijiji cha Utmanzai, karibu na mji wa Peshawar, alizaliwa mtoto akaitwa Abdul Ghaffar. Baba yake, Behram Khan, alikuwa mwenye mashamba. Abdul Ghaffar Khan alikua mrefu kupita kiasi, mwenye mwili wa askari, na kweli alipata nafasi ya kuwa ofisa katika kikosi cha heshima cha Waingereza. Akaiacha, baada ya kumwona mwenzake, ofisa mzalendo, anatukanwa na Mwingereza kama mtoto mdogo na hana la kujibu. Nafasi ya kwenda kusoma Uingereza ilipokuja, kaka yake tayari yuko huko anasomea udaktari, na mama akamkatalia. Alimtii mama yake. Wangapi leo tungemtii mama katika hilo?

Akabaki kijijini akajiuliza: watu wangu wanaumwa nini? Jibu alilolipata halikuwa Mwingereza peke yake. Aliona ujinga, na aliona kisasi. Mwaka 1910, akiwa kijana wa miaka ishirini, akafungua shule. Hapa inabidi niseme jambo linalotuhusu sisi wenye vilemba. Waliompinga mwanzo hawakuwa Waingereza tu. Walikuwemo mamullah waliowaambia wazazi kwamba mtoto akienda shule ile ataharibika dini. Mtu anataka watoto wa Kiislamu wajue kusoma, na imamu anamzuia. Tusome historia tukijua kwamba nasi tumo ndani yake, na si mara zote tumo upande mzuri.

Aliendelea. Alitembea kijiji hadi kijiji. Mwaka 1919 akafungwa kwa kuhutubia dhidi ya sheria kandamizi, na pingu za miguu zilizokuwepo gerezani hazikumtosha kwa ukubwa wa mwili wake, zikamchuna vifundo. Mwaka 1921 akafungwa tena miaka mitatu, kazi yake ikawa kusaga nafaka kwa mawe. Mwaka 1926 akaenda Hijja na mkewe. Baada ya Hijja wakapita Baytul Maqdis, na huko mkewe akaanguka kwenye ngazi akafariki. Hakuoa tena mpaka anakufa, na aliishi miaka zaidi ya sitini baada ya hapo.

Mwaka 1929 ndipo alipofanya jambo ninalotaka ulishike vizuri. Alianzisha jeshi. Naam, jeshi. Lilikuwa na vyeo, lina majenerali na makanali wake, lina mazoezi ya kutembea kwa kwata, lina ngoma, lina sare. Jina lake Khudai Khidmatgar. "Khudai" ni Mungu kwa lugha yao, na "khidmat" ndilo neno hili hili tunalosema sisi huduma. Wahudumu wa Mwenyezi Mungu. Wakaulizana: Mwenyezi Mungu ni Mkwasi, hahitaji huduma ya mtu, sasa tutamhudumia vipi? Wakajibu kwamba watamhudumia kwa kuwahudumia viumbe wake.

Sare zao mwanzo zilikuwa nyeupe, zikawa zinachafuka upesi, wakazichovya rangi nyekundu ya matofali. Mwingereza akawaita Mashati Mekundu, akawatangaza kwamba ni wakomunisti wa Urusi. Watu wanaswali swala tano, wanaitwa wakomunisti kwa sababu ya rangi ya shati!

Kila aliyejiunga alikula kiapo mbele ya Mungu. Nakueleza maana yake kwa maneno yangu. Aliapa kwamba hatatumia nguvu wala hatalipiza kisasi. Aliapa kumsamehe anayemdhulumu. Aliapa kuacha ugomvi wa koo, na kumhesabu kila Mpashtuni kuwa ndugu yake. Aliapa kuishi maisha ya kawaida, na kila siku kutoa saa mbili kwa kazi ya jamii bila kutaka malipo. Walikuwa wanafagia vijiji, wanafungua shule, wanasokota pamba, wanapatanisha waliohasimiana. Walikuwemo wanawake. Walikuwemo hata Wahindu na Masingasinga, kwa sababu ni viumbe wa Mungu vilevile.

Nimekaa na kiapo kile siku nyingi. Ukikitazama utaona kwamba kinamdai muapaji zaidi kuliko kinavyomdai Mwingereza. Kabla hujamkabili mkoloni, nenda kwanza kwa jirani yako ambaye baba yake alimuua baba yako, mkae mle. Hiyo ndiyo mitihani ya kujiunga. Mwoga anaweza kukaa nyumbani asipigane, hilo rahisi. Lakini mwoga hawezi kuacha kisasi mbele ya ukoo unaomcheka.

Tarehe 23 Aprili 1930, Mwingereza akamkamata Abdul Ghaffar Khan, na siku hiyohiyo akakamata viongozi wengine mjini Peshawar. Watu wakajaa kwenye soko kuu la mji, linaitwa Qissa Khwani, maana yake Soko la Wasimulia Visa, kwa kuwa zamani wasafiri wa misafara walikaa pale wanakunywa chai na kusikiliza ngano. Magari ya deraya yakaletwa yakaingizwa kwa kasi kwenye umati, yakakanyaga watu. Kukatokea ghasia, gari moja likachomwa moto, na askari mmoja wa pikipiki wa Kiingereza akauawa. Silifichi hilo. Si kila aliyekuwa sokoni alikuwa amekula kiapo. Halafu askari wakaamrishwa kupiga risasi.

Waliokuwepo wamesimulia kwamba wa mbele walianguka, na wa nyuma wakasogea mbele kuchukua nafasi zao, vifua wazi. Hawakukimbia na hawakushambulia. Risasi zikaendelea kwa saa kadhaa. Serikali ilikiri vifo thelathini hivi. Uchunguzi uliofanywa na Wahindi wenyewe ukasema ni mia moja na ishirini na zaidi, na wapo waliohesabu zaidi ya mia mbili. Allah awarehemu.

Kisha likatokea jambo ambalo Mwingereza hakulitarajia hata kidogo. Palikuwa na kikosi cha askari wa Garhwal, wote Wahindu, watu wa milimani. Walipotakiwa kuwapiga Waislamu wale wasio na silaha, wakakataa. Kiongozi wao alikuwa Chandra Singh. Wakapelekwa mahakama ya kijeshi, kumi na saba wakahukumiwa, na Chandra Singh akapewa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 1941. Nawe unajua Mwingereza India nzima alikuwa anaitawala kwa kutegemea kwamba Mhindu atampiga Mwislamu na Mwislamu atampiga Mhindu. Kwa siku kadhaa mji wa Peshawar ukamponyoka mkononi.

Jiulize ndugu yangu. Kama watu wa sokoni wangekuwa na bunduki, na Wapashtuni bunduki walikuwa nazo tele majumbani, je, askari wale wa Garhwal wangekataa kupiga? Wasingekataa. Askari anayepigwa risasi anarudisha risasi, hana nafasi ya kufikiri. Waliokufa pale walimpa askari nafasi ya kuisikia nafsi yake. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la yule kijana wangu.

Jeshi lile kabla ya siku hiyo lilikuwa na watu wachache, elfu moja hivi. Likapigwa marufuku, watu wakavuliwa mashati hadharani na kupigwa, na likakua mpaka makumi ya maelfu. Abdul Ghaffar Khan wakamwita Badshah Khan, yaani mfalme wa makhan, na cheo hicho hakupewa na serikali yoyote.

Sasa najua kuna msomaji hapa ameshakunja uso. Atasema, "Sheikh, hayo ni mambo ya Gandhi, ni mambo ya Wahindu, unatuletea nini?" Ni kweli Badshah Khan alikuwa rafiki wa Gandhi na chama chake kilishirikiana na Congress kuanzia mwaka 1931. Wakamwita Gandhi wa Mpakani. Mimi jina hilo silipendi, linamfanya mtu aonekane kivuli cha mwingine. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba Mwislamu kufuata njia hii si jambo la ajabu wala jipya, kwa sababu ndiyo njia aliyoifuata Mtume (s.a.w.) miaka yote aliyokuwa Makka, ila sisi tumeisahau.

Tena kama tunataka kutafuta nani alimfundisha nani, tusifanye haraka. Mwaka 1893 Gandhi alikuwa wakili kijana asiye na kazi. Aliyempeleka Afrika Kusini ni kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla. Meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Unguja, bandari zetu hizi. Tarehe 11 Septemba 1906, katika ukumbi mmoja Johannesburg, Wahindi walikutana kupinga sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole kama wahalifu. Akasimama mzee mmoja Mwislamu, Haji Habib, akasema yeye anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hataitii sheria ile. Gandhi mwenyewe ameandika kwamba alishtuka, kwa sababu hakuwa amefikiria kiapo. Ndipo akasimama kuwaeleza watu uzito wa kuapa mbele ya Mungu. Kiapo kile ndicho mwanzo wa yote yaliyofuata. Na mwezi Agosti 1908, vyeti vile vya kuandikishwa, zaidi ya elfu mbili, vilichomwa moto ndani ya sufuria kubwa. Wapi? Kwenye uwanja wa msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Basi anayesema msikiti hauna habari na jambo hili, akausome msikiti ule.

Turudi Makka. Miaka kumi na tatu. Sumayya (r.a.) ameuawa kwa mkuki. Bilal (r.a.) kifuani ana jiwe. Khabbab (r.a.) anamwendea Mtume (s.a.w.) akiwa ameegemea kivulini mwa Al-Kaaba, anamwambia, hutuombei nusura? Ni swali lile lile la kijana wangu, aliuliza Swahaba. Na Mtume akamjibu kwa kumkumbusha waliopita kabla, waliopasuliwa kwa misumeno wasiache dini yao, na kwamba jambo hili litatimia lakini nyinyi mna haraka. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 77, Mwenyezi Mungu anawataja walioambiwa waizuie mikono yao na wasimamishe swala.

Usiniambie walizuia mikono kwa sababu walikuwa dhaifu. Hamza (r.a.) alikuwa amesilimu. Huyu ndiye aliyempasua kichwa Abu Jahl kwa upinde mbele ya jamaa zake. Umar (r.a.) alikuwa amesilimu, na Makka nzima inamjua Umar ni nani. Wanaume walikuwepo, na amri ilikuwa kuzuia mikono.

Msomaji aliyesoma ataniambia: "Lakini sheikh, ruhusa ya kupigana ilishuka, Suratul-Hajj aya ya 39." Ahsante, umesema kweli, na mimi siwezi kuifuta aya. Dini yetu haikuharamisha kila vita. Aliyevamiwa ana haki ya kujitetea, na jihadi ina masharti yake na watu wake wa kuitangaza, wala si imamu wa mtaa wala kundi la mtandaoni. Katika hili Badshah Khan alikwenda mbali kuliko wanavyuoni wengi, na sikulazimishi ukubali kila alichokisema. Lakini nikuulize. Hudaybiya ilikuwa kabla ya ruhusa au baada? Ilikuwa baada, mwaka wa sita wa Hijra. Badr imepita, Uhud imepita, panga zipo, Maswahaba wamekula kiapo cha kufa chini ya mti. Na Mtume (s.a.w.) akachagua mkataba. Akakubali kufutwa maneno "Mtume wa Allah" kwenye karatasi. Akakubali arudishwe Abu Jandal (r.a.), aliyekuja anaburuta minyororo analia Waislamu wamwokoe. Umar (r.a.) hakuweza kuvumilia, akaenda kuuliza, kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu? Na Mwenyezi Mungu akakiita kitendo kile ushindi ulio wazi. Wasimuliaji wa sira wanasema walioingia katika Uislamu kwenye miaka miwili ya sulhu ile walikuwa wengi kuliko walioingia kabla yake.

Kwa hiyo kuzuia mkono si hukumu ya Makka peke yake.

Nirudi kwa Badshah Khan, maana mtihani wake mkubwa haujafika. Mwaka 1940, vita kuu inapigwa, Congress walimwambia Mwingereza kwamba wakiahidiwa uhuru watamsaidia vitani. Maana yake kutotumia mabavu kwao kulikuwa mbinu, leo inafaa, kesho ikibidi tunaiweka pembeni. Badshah Khan akajiuzulu kwenye kamati yao kuu. Kwake haikuwa mbinu. Alikuwa ameapa kwa Mungu. Hapa ndipo watu wa siasa na watu wa imani wanapoachana njia, na nasema hivi bila kuwadharau watu wa siasa, maana mbinu nayo ilisaidia. Ila mbinu inaachwa pale inapouma, na yeye alikuwa ameshaumia sana. Mwaka 1942 alipigwa na polisi mpaka akavunjwa mbavu, na hakuacha.

Uhuru ukaja mwaka 1947 na India ikagawanywa. Yeye hakutaka igawanywe. Rafiki zake wa Congress wakakubali bila kumsikiliza, akawaambia kwa uchungu kwamba wamewatupa Wapashtuni kwa mbwa mwitu. Pakistan, dola la Waislamu, ikazaliwa. Mwezi Februari 1948 akaenda bungeni akala kiapo cha utii kwa nchi mpya. Mwezi Juni akakamatwa.

Na tarehe 12 Agosti 1948, mahali panapoitwa Babrra, wilaya ya Charsadda, kwao kabisa, wafuasi wake walikusanyika kupinga kukamatwa kwa viongozi wao. Polisi wakawafyatulia risasi. Inasimuliwa kwamba wanawake walitoka majumbani na misahafu vichwani kuomba risasi zisimame. Serikali ilisema waliokufa ni kumi na tano hivi. Wenyewe wanasema ni mamia. Safari hii aliyepiga hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwislamu, anaswali kibla kimoja na waliolala chini.

Ndugu yangu, mimi nilipofika hapa katika kusoma nilifunga kitabu nikatoka nje. Kumvumilia kafiri dhalimu, moyo unajipa nguvu kwamba mimi ni wa haki na yule ni wa batili. Lakini ndugu yako akikupiga risasi, na akakwambia wewe ndiye msaliti wa Uislamu, hapo kiapo kinabaki na nini cha kushika? Wengi hapo wangerudi kwenye bunduki, nami nisingeshangaa. Khudai Khidmatgar walipigwa marufuku, makao yao yakabomolewa, jina lao likafutwa vitabuni. Hawakurudi kwenye bunduki.

Badshah Khan alikaa gerezani na kizuizini kwa Mwingereza na kwa Pakistan takribani robo ya umri wake, na wapo wanaohesabu zaidi. Miaka mingine aliishi uhamishoni Afghanistan. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, akiwa na miaka kama tisini na minane. Aliusia azikwe Jalalabad, upande wa Afghanistan. Wakati ule Afghanistan ilikuwa katikati ya vita ya Warusi na mujahidina. Pande zote mbili zikasimamisha mapigano ili mzee apite azikwe, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka njia ya milimani ya Khyber nyuma ya jeneza lake. Kisha huko mazikoni yakalipuka mabomu yaliyotegwa, yakaua watu.

Nimekusimulia na mabomu yale kwa makusudi. Ningeweza kuishia pale mapigano yaliposimama, andiko lingependeza, mngesambaza. Lakini ningekudanganya. Badshah Khan hakushinda kila alichokitaka. Nchi aliyoitaka hakuipata. Watu wake leo wamezungukwa na silaha kuliko wakati wake, na baadhi ya wanaozishika wanasema wanazishika kwa ajili ya Uislamu. Akija mtu kuniambia njia hii imeshindwa, nitamuuliza tu njia ya bunduki katika milima ile imeshinda lini, maana imejaribiwa kwa muda mrefu zaidi.

Sasa kijana wangu. Ulisema tunawafundisha uoga tunauita dini. Nimetafakari, na nakiri kosa langu moja. Usiku ule niliwaambia "subirini" halafu nikaenda kulala. Badshah Khan hakuwahi kumwambia mtu asubiri halafu akaenda kulala. Alimpa sare, akampa fagio, akampa saa mbili za kazi kila siku, akampa kiapo, na yeye mwenyewe akatangulia gerezani. Mimi niliwanyang'anya mapanga sikuwapa kitu kingine mkononi. Hapo ulikuwa na haki ya kunikasirikia.

Shauri la makaburi limefunguliwa, limeshaahirishwa mara mbili. Wazee watano wameandika ushahidi wa nani kazikwa wapi na mwaka gani, na kila siku ya shauri tunakwenda watu wote wa msikiti, tunakaa kimya nje mpaka linaitwa. Kila Jumamosi baada ya Alfajiri tunasimama kando ya mabati yale tunawaombea maiti wetu dua, kisha tunafagia njia. Mara ya kwanza mlinzi alitutukana. Tulikuwa tisa. Jumamosi iliyopita tulikuwa hamsini na kitu, na mabati bado yapo. Sijui hakimu atasema nini.

Wewe hujaja hata Jumamosi moja, na darsa umeacha. Nimeuliza habari zako nyumbani kwenu, mama yako amesema upo, unafanya kazi. Andiko hili nimekutumia wewe kwanza kabla ya kuliweka hapa. Fagio lako lipo nyuma ya mimbari.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.